Mionzi Haikai Mwilini

Kongowe, Kibaha. Jumamosi, masika ya 1979.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimelowa nayo njia nzima na sikujali.

Leo nimekwenda Chole, ya huku bara, kumchukua binti yangu Rehema. Nilimwacha kwa bibi yake, mama mkwe wangu, nilipolazwa Dar es Salaam kupigwa mionzi ya saratani ya titi. Nimetoka hospitali zamani, lakini mtoto hakurudishwa. Kila mara ilikuja sababu: njia imeharibika, mtoto ana mafua. Mume wangu alisema nivumilie. Nilivumilia, maana hata hasira sikuwa nayo.

Mionzi yenyewe haiumi. Unalala, mashine inanguruma, unaambiwa amka. Kuungua kulikuja baadaye. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi, ikachubuka. Daktari alinieleza kwamba mwili umejengwa kwa chembe ndogo zilizo hai, na mionzi huzijeruhi zote, nzima na mbovu. Ndiyo maana hawapigi yote kwa mara moja. Wakikupumzisha, zile nzima hujitengeneza. Zile mbovu hazijui sana kujitengeneza, zinakufa.

Nilimsikiliza kama anayemzungumzia mtu mwingine.

Mama mkwe aliitikia shikamoo yangu vizuri, akapokea sukari niliyoipata duka la ushirika. Kisha akanitandikia mkeka wa peke yangu, mbali na mlango. Rehema sikumwona.

"Mwanangu," akasema, "huo moto waliokutia umetoka?"

Nikamwambia haukai mwilini. Ukizima koroboi, mwanga haubaki ukutani.

Akafikiri. "Mwanga haubaki. Masizi yanabaki."

Nikafungua blauzi.

Aliangalia kwa muda mrefu. Akasogea, akapitisha kidole pembeni mwa pale peusi, ambapo pana wekundu laini. Nilikiona kidole. Sikukisikia.

"Ngozi inaota," akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe. Aliniomba radhi. Alikuwa ameogopa mtoto asije akaungua kwa kunikumbatia. Hakuna aliyemweleza chochote, na mimi sikuwa nimemweleza.

Akamwita Rehema kutoka uani. Amerefuka. Alisimama mbele yangu, akaniangalia usoni, kisha akainamisha kichwa kama alivyofundishwa kuwaamkia wageni.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu.

Bibi yake ndiye aliyelia. Alitufungia mihogo, akatusindikiza mpaka barabarani, na Rehema akamng'ang'ania kanga mpaka basi lilipofika. Ndani ya basi alisinzia, akaniegemea upande uliounguzwa. Sikumhamisha.

Sasa amelala kitandani kwetu. Baba yake anamtazama na kutabasamu. Mimi naisubiri furaha, haijafika. Machozi pia hayajafika.

Kesho nitamwogesha mwenyewe. Nitamfundisha tena kuniita mama.