Ukuta wa Kanga, Maneromango

Picha ya Ndege,
Kibaha, Pwani.
11 Mei 2025

Mpendwa Kaka Omary,

Shikamoo. Hamjambo huko ugenini Salala, wewe na wifi Mwamvita? Na goti lako, limetulia? Sisi huku wazima. Masika yametuachia matope mengi na mihogo mizuri. Shemeji yako Hussen anakohoa kidogo, lakini nguvu za kubishana na redio bado anazo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Nimeamua kukujibu kwa karatasi, maana kwenye simu hukawii kunikatiza. Unasema nimeshastaafu uuguzi, kwa hiyo nikae kitini niamkiwe, na kwamba kwenye kikao cha ukoo siku ya Idi utawaambia wanikataze kwenda Kisarawe kujitolea kwa wanawake waliojifungua. Kaka, nakuheshimu, lakini hapo umekosea.

Nimeuguza watu kuanzia Nachingwea hadi Francistown. Kule Botswana nilifika sijui hata neno moja lao, nikajifunza kwanza kuuliza, panakuuma wapi? Watoto wangu wamekua na zamu zangu za usiku, Hussen akiwasuka nywele upande upande hadi walimu wao wakacheka. Nimesoma vitabu mpaka miwani imenenepa, na bado nawaandikia wahariri wa magazeti, nao bado wananikata makali. Yalikuwa maisha matamu. Sikuyaishi ili niishie barazani kutazama malori ya barabara ya Morogoro.

Kinachonichoma ni wasomi wetu. Unaijua arobaini yetu ya uzazi, mzazi hatoki nje mpaka siku zake ziishe. Kwenye kikao kimoja cha afya ya uzazi kijana mwenye tai akasema, "Wale wamama hawaelewi." Nikamuuliza, "Wewe umeshawahi kuingia chumbani kwa mzazi, au unawajua kwenye karatasi tu?" Akaanza kuitazama soda yake.

Mimi mwenyewe siku ya kwanza Maneromango, hukohuko Kisarawe, niliingia na gauni langu jeupe la kazi. Bi Kudra, kungwi wa pale, alinipokea hivi: "Wee Maua, unamwingilia mzazi na jeupe kama sanda? Umekuja kumwona au kumchukua?" Wakacheka mpaka wakashikana. Tangu hapo naenda na kanga, navua viatu, nakunywa uji wao kwanza, maneno baadaye.

Mwezi uliopita tulimkuta binti mmoja, Zawadi, ametoka kujifungua juzijuzi tu, mwili unawaka na anaweweseka. Ilikuwa lazima afike zahanati mara moja. Bibi yake akakaa mlangoni. "Mzazi hatoki. Labda mnizike mimi kwanza!"

Nilishafungua kinywa kuhubiri, Bi Kudra akanikanyaga mguu. Akamgeukia bibi kwa upole. "Nani kasema anatoka? Atakaa humohumo ndani. Ndani ndiyo itakayotembea."

Wanawake wakafungua kanga zao, wakazishika ncha kwa ncha, wakakizunguka kitanda cha kamba alicholala Zawadi, wengine wakakibeba. Chumba kizima kikatoka nyumbani na kushika njia. Bibi mwenyewe akatangulia mbele akiwafokea vijana wa bodaboda, "Geuzeni sura huko, nyie! Hamjaona watu?" Wakageuza, wote.

Zawadi amepona. Mtoto ana mashavu kama maandazi.

Nilitembea nyuma ya ukuta ule nikimlilia Mama. Wewe ulikuwa mkubwa, unakumbuka kuliko mimi. Homa ileile ya uzazi, mlango uleule uliofungwa, Baba nje na tasbihi yake. Miaka yote nimesema, tena kwa sauti kubwa, kwamba mila ndiyo iliyomuua. Sasa sisemi hivyo. Kanga zilikuwepo na wanawake walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa nao mapema, wakamwamini, ili siku ile wamsikilize.

Hiyo ndiyo kazi unayotaka niiache. Nesi mpya wa zahanati ameanza kufuatana nasi majumbani. Makungwi nao sasa wanawafundisha wali, wasichana waliovunja ungo, dalili za homa hiyo pamoja na mengine yao, na wanawake wa Dutumi wametuma watu kutuita. Mambo yanakwenda, Kaka. Nayaona kwa macho yangu.

Basi siku ya Idi wakikupigia simu kikaoni, neno lako ndilo litakalofuatwa. Waambie wasinizuie.

Msalimie sana wifi, na mwanao Rama na mkewe. Hussen anakusalimu, anasema redio yako ya kule haiwezi kuwa na uongo kuliko ya kwake. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na miguu yako yote miwili.

Nina ombi moja. Ile kanga ya Mama uliyoondoka nayo, najua wifi ameihifadhi sandukuni. Nitumie. Nataka nayo ishikwe ncha.

Mdogo wako akupendaye, asiyenyamaza,

Maua