Mkono Unaomlisha Henning

Lemvig, Denmark
9 Machi

Mpendwa Mama Mkubwa Aldona,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye upepo. Magoti yako yanaendeleaje? Kikohozi cha Baba Mkubwa Stasys kimepungua? Mimi ni mzima, ila kila asubuhi mgongo unanikumbusha kwamba nina miaka hamsini na mbili.

Uliuliza kwa nini nimenyamaza. Sababu ni roboti.

Unajua kwamba Henning, yule ninayemhudumia, amepooza kuanzia shingoni. Miaka sita nimemnyanyua, nimemwogesha na kumlisha, na ninalala katika chumba cha nyuma ya jiko lake. Mwezi uliopita manispaa ilileta mkono wa roboti, ukafungwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Anauongoza kwa kidevu. Walisema ni wa kumsaidia. Sikuwaamini. Nani akuletee mashine ya bei kubwa vile, halafu akuachie na mfanyakazi?

Birthe, mkaguzi wa manispaa, alitabasamu mno. Aliniuliza kumlisha Henning kunachukua dakika ngapi, akaandika. Nikajua ninapimwa. Saa zangu zikipunguzwa, kazi imekwisha, na chumba pia.

Henning akaanza mazoezi. Uji aliuweza siku ya tatu. Lakini watu hawa mchana hula mkate mweusi uliopangwa juu yake samaki wa kulowekwa kwenye siki na vitunguu, na samaki alikuwa akiteleza hadi kwenye ndevu zake. Nilicheka.

"Cheka tu, Vaidotas," akasema. "Shati utafua wewe."

Wiki ya pili hakudondosha hata kitunguu. Wakati wa kula akawa ananiambia nitoke nje nikavute sigara. Nikaanza kumshuku hata yeye.

Sasa hili usimsomee Baba Mkubwa. Siku Birthe alipokuja kumtazama akila, asubuhi yake nililegeza skrubu ya kiwiko cha ule mkono. Samaki alikaribia mdomoni, mkono ukaanguka puu, sahani ikapasuka. Birthe akatoa pole, akaandika kwamba saa zangu zibaki zilivyo.

Alipoondoka, Henning akanitazama.

"Lete bisibisi."

"Ya nini?"

"Ya ile skrubu uliyoilegeza, mjinga wewe. Kilichokufa ni miguu na mikono, siyo macho."

"Mbona hukunisema kwa Birthe?"

"Nikuseme, halafu leo anilaze nani?" "Miaka kumi na tisa sikuwahi kujilisha, bwana. Kumi na tisa! Nilitaka mtu mmoja tu anione nikijilisha."

Nikakaza skrubu. Kisha akaniamuru nimpigie Birthe, na simu nikamshikia mimi mwenyewe sikioni, akamwambia kasoro imerekebishwa, aje tena Jumatano.

Bado siuamini ule mkono, wala tabasamu la yule mama. Lakini Jumatano nitaupanga mkate mezani na kukaa kando, mikono yangu mifukoni. Kwa hiyo kile chumba cha juu hapo kwenu usimpe mtu. Huenda Mei nikakihitaji.

Nisalimie Baba Mkubwa, Daiva na wanawe, na jirani Bronė. Mungu awape kuni za kutosha hadi baridi iishe, na magoti yako yapate nguvu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye toka mbali,
Vaidotas