Walivyoniombea Rhotia

Shikamoo dada Upendo,

Karatu kuna ukungu mpaka saa nne, na makande yao yananikumbusha yako.

Si unajua nimekuja kutafuta watu wa kutumia ile lugha yangu ya kompyuta ya kutengenezea gemu. Jana nilifika sekondari moja ya Rhotia na begi la fulana za kugawa, nikaanza kuisifia. Mwalimu wao, mama mmoja mpole, akaniambia darasa lake linaitumia tangu mwaka juzi. Wametengeneza gemu ya kufukuza tembo shambani, ila akiingia tembo wa tatu inakwama. Aliniandikia mara nne. Sikumjibu hata mara moja, nilikuwa nahangaikia watumiaji wapya.

"Tulijua umefariki," akasema. "Kila Ijumaa tunakuombea."

Fulana nikazirudisha kwenye begi. Binti mmoja akasimama kuuliza kama sasa waache kuniombea. Mwalimu akanitazama kidogo, akasema waendelee.

Sitoki hapa mpaka tembo wa tatu apite. Msalimie mama, ila hili la kuombewa usimwambie.

Mdogo wako anayekupenda,
Elia