Elfu Niliyomnyima Nadine

Alhamisi, usiku

Niliitikia kwa kichwa. Hilo tu, na nimeshindwa kumaliza nsima, ugali wetu wa jioni.

Mchana nilikuwa na rafiki yangu Nadine nyuma ya kanisa, tukijiandaa kwa mtihani wa ufadhili wa masomo, kesho Lilongwe. Alikuwa akibadilisha mtiririko wa gesi kwenye bomba, kilomoli 7.2 kwa saa, kuwa moli kwa sekunde. Akagawanya kwa 3600, akapata 0.002, akapiga mstari chini yake.

"We, njo hivi?" aliniuliza kama ndivyo, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa. "Ama uko unasinzia, mademoiselle?"

Alikuwa amesahau kuzidisha kwa elfu kwanza, maana kilomoli moja ni moli elfu moja. Jibu ni 2. Niliona palepale, na bado nikaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Jioni nzima nimejiambia ni aibu yangu ya kila siku, kwamba siwezi kumsahihisha mtu. Si kweli. Ufadhili ni wa mtu mmoja tu kutoka hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na Nadine ananishinda katika mengine yote. Nilitaka akosee.

Mwishowe nimeazima simu ya kaka, nikamwandikia: zidisha kwa elfu kwanza, ndipo ugawanye. Halafu nikaongeza kwamba nimegundua sasa hivi tu.

Amejibu haraka, akiniita mpendwa wake: "Aksanti sana, ma chère! Ningeanguka kabisa. Mama iko anaomba Mungu hapa, nimemuambia ataje na jina yako."