Nyumba ya Zege na Mkutano wa Saa Kumi

Mpendwa Doña Eulalia,

Naiandikia safu yako ya ushauri gazetini, haraka, kabla umeme haujakatika tena, na ninachokuomba si kikubwa, ni msaada wa adabu tu, maana mimi ni mtu mstaarabu, sipendi ugomvi na mtu, na hapa San Telmo sina tena wa kumuuliza.

Mimi ni mtu wa jiji kuu, nilihamia pwani mwezi wa nne, jua kali na bahari imetulia, kwa sababu kazi yangu ni ya kompyuta na naweza kuifanya popote penye intaneti. Bosi wangu, Licenciado Urrutia, hajui kwamba nilihama. Sikumdanganya, hakuniuliza, ila kwenye mikutano naweka nyuma yangu picha ya rafu ya vitabu ya nyumba yangu ya zamani, na jasho likinitoka namwambia nimetoka mazoezini. Kazi yenyewe ni ya kuimarisha mshikamano wa wafanyakazi, yaani nawafundisha watu wa idara mbalimbali, ambao wengi wao sijawahi kuonana nao, namna ya kujaliana. Mtaani niliwaambia nafanya kazi na kompyuta, basi tangu siku hiyo nikaitwa mhandisi, nami nikaacha kuwasahihisha.

Nyumba niliitafuta kwa makini. Mtaa mzima ni makuti na bati, isipokuwa nyumba moja pale mwinukoni yenye kuta za tofali na paa la zege, mali ya don Abundio, ambaye anaishi Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi, na ukimuuliza chochote kwa ujumbe wa simu anakujibu kwa alama ya kidole gumba. Nikaipanga, nikaweka betri, nikaweka antena, nikajiona nimepatia. Jirani wa mbele, don Fulgencio, muuza samaki wa kukaanga, alipita siku ya kwanza akaupigapiga ukuta kwa kiganja akasema, "Mhandisi, paa hili nimelibeba begani, ndoo kwa ndoo. Litunze." Nikamshukuru, nikidhani alikuwa kibarua wa don Abundio.

Kimbunga cha kwanza kikaja mwezi wa saba. Lile gari la kipaza sauti linalotangaza gesi likapita asubuhi likitangaza upepo, na mchana, nikiwa mkutanoni, mlango ukafunguka bila hodi, akaingia Maricruz, mke wa Fulgencio, na sufuria kichwani, nyuma yake Fulgencio na mwenzake wamembeba mama yake Maricruz, doña Crescencia, ambaye ana nyonga mbovu, wamembeba juu ya kiti chake cha plastiki, na nyuma yao mtaa mzima na bembea za kulalia, tenga la kuku, sanamu ya Bikira ya kanisani imefungwa mfuko wa nailoni, na samaki wote waliokuwa kwenye majokofu yao, kwa sababu umeme ungekatika na desturi ya huku ni kupika kila kitu kabla hakijaoza. Hakuna aliyeomba ruhusa. Bembea walizitundika kwenye ndoana za ukutani ambazo mimi nilidhani ni za kuning'inizia mimea. Doña Crescencia akawekwa kando ya meza yangu, akamkodolea macho bosi kwenye kioo cha kompyuta, kisha akaniuliza kwa sauti, "Huyo bwana mbona kanuna, hajala?" Bosi akauliza ni nani anayesema, nikajibu ni televisheni. Jogoo akawika, nikasema ni mlio wa simu yangu. Licenciado Urrutia akausifu, akasema una uhalisia. Kimbunga kilipopita wakafagia, wakadeki, wakaenda zao, ila ofisi yangu ilinuka samaki kwa muda mrefu, ingawa lazima nikiri kwamba nilikula vizuri.

Kimbunga cha pili kikaangukia siku ya wasilisho langu kubwa kwa wakurugenzi, saa kumi jioni, lenye kichwa "Hakuna Anayeachwa Nje". Safari hii nilijiandaa. Nilitia komeo, nikausukumia mlango kabati, nikazima taa za mbele, nikavaa hedifoni. Majirani wakaanza kubisha nikiwa ndio kwanza nimemaliza utangulizi. Ile programu ya mikutano ina kitufe cha kufuta kelele za nje, nikakibonyeza, na naomba uniamini, Doña Eulalia, inafanya kazi vizuri sana, wakurugenzi hawakusikia kitu. Mimi niliwasikia. Walibisha kwa ngumi, kisha kwa viganja, kisha Maricruz akaita, "Mhandisi, uko salama humo?" Nikanyamaza, kwa sababu tulikuwa tunaingia sehemu ya maswali.

Wakaenda kanisani, penye bati. Upepo ukang'oa mabati ya upande wa altare, na doña Crescencia akakaa chini ya meza ya altare, amelowa chapachapa, mpaka kimbunga kikapita. Tangu hapo hajatoka kitandani, anakohoa, na namsikia kutoka dirishani hata nikivaa hedifoni. Mimi nilipandishwa cheo.

Sasa shida yangu ni hii. Nilitegemea maneno, hata majibu nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga vizuri. Badala yake Maricruz alikuja kesho yake na bakuli la supu ya samaki, akasimama nje ya kizingiti, akasema, "Bwana, utusamehe kwa kelele. Hatukujua uko kazini." Fulgencio ananisalimu kila asubuhi, naye pia ananiita bwana. Hakuna anayenitania, hakuna anayesogeza kiti nikipita. Supu niliinywa yote.

Redio inasema kuna kimbunga kingine baharini, kitafika mwisho wa wiki, na siku hiyohiyo nina mkutano. Nimeandika tangazo la mlangoni kwa lugha ya heshima: "Ndugu majirani, hapa ni ofisi. Asanteni kwa kutuelewa." Swali langu ni je, nilibandike ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe, au nimpe kila jirani nakala mkononi? Na mbona ukimya wao unaniuma kuliko matusi?

Wako,
Mpangaji Mstaarabu, San Telmo de la Barra

---

DOÑA EULALIA ANAJIBU

Mpangaji Mstaarabu,

Libandike ndani ya nailoni, mwanangu. Tangazo halitakiwi kulowa. Wa kulowa ni mama wa watu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimesimama kwa hasira. Lakini nina pole moja ya kukupa, nitaitanguliza ili nisiisahau: don Abundio alikukosea. Amekupangisha nyumba bila kukuambia inakuja na nini, na mtu aliyezoea kuwajua majirani zake kwa namba za milango hawezi kuota. Kidole gumba chake kinastahili kofi. Pole imeishia hapo, sasa tusemezane.

Fulgencio hakuwa kibarua wa mtu. Huku pwani mtu akifikia kumwaga zege la paa, haiti kampuni, anaita mtaa. Wanapanga mstari kutoka kwenye mchanga mpaka juu, ndoo zinapita begani hadi begani tangu alfajiri, maana zege likianza halisubiri, na mwenye nyumba anachoma nyama na kununua bia, hakuna anayelipwa. Ulidhani watu wazima walijipaka simenti siku nzima kwa kumpenda don Abundio? Nimewahi kula na wenye nyumba wa aina yake, hawapendeki hivyo. Walijenga mahali pa kujificha, wakapajenga juu ya kiwanja chake kwa sababu ndicho kilichokuwa mwinukoni. Nyumba ni yake, na mkataba ni wako. Paa ni la wale walioingia bila hodi, ndiyo maana hawakupiga hodi. Na zile ndoana, hebu niambie, ni mimea gani hiyo inayoning'inizwa kwenye chuma kinene kama kidole?

Tuje kwa bosi, unayemwogopa kuliko kimbunga. Bosi wako anajua. Hakuna televisheni inayomwonea mtu huruma kwa kununa, na mtu anayetoka mazoezini kila anapopigiwa, tangu mwezi wa nne, angekuwa amebaki mifupa mitupu. Amekunyamazia kwa sababu kazi inafika. Mwandikie leo, kabla ya chakula: naishi pwani, mwisho wa wiki kinakuja kimbunga, mkutanoni sitakuwepo. Usimweleze zaidi ya hapo wala usijitetee. Akikufukuza utakuwa umepoteza kazi ya kufundisha kitu usichokijua, na wanafunzi wako watapata nafuu.

Sasa hilo linalokuuma. Unashangaa kwa nini hawakukutukana. Huku kwetu matusi ni ya mtu wetu. Mtu wetu tunamwambia mjinga wewe, fungua mlango, tunalowa, na jioni tunakula naye. Anayeombwa msamaha ni mgeni. Maricruz alipokuita bwana hakuwa na adabu zaidi ya jana yake, alikuwa amekutoa. Mhandisi alikuwa wa mtaa, hata kama mtambo hana. Bwana ni mtu wa kupita tu, kama watalii wanaouliza vyoo viko wapi.

Na kuna jambo umeliandika upesiupesi, kana kwamba halina uzito. Mvua inaanza, mama ana nyonga mbovu, mlango umefungwa na taa zimezimwa, na yule mwanamke hakuuliza mbona hufungui. Aliuliza kama uko salama. Alidhani umeanguka humo ndani, umepigwa na umeme, umekufa. Alikuhofia wewe, na wewe ukabonyeza kitufe. Mimi si mwepesi wa kulia, lakini hapo nililia, na gazeti halinilipi kwa kulia.

Kwa hiyo weka kalamu chini, tangazo halina kazi. Unajiandaa kwa hodi ambayo haitapigwa. Kimbunga hiki watakupita na bembea zao, watapanda mpaka shuleni, kule mbali juu ya kilima, na hakuna atakayegeuza shingo kwako. Utapata ukimya wote ulioutaka, na mkutano wako utakwenda vizuri. Ila mwanamke anayekohoa vile hapandi kilima kwenye mvua, na hata wakimbeba hafiki mzima. Wanalijua hilo, ndiyo maana wengine wao watabaki naye chini ya bati. Usijifanye hukuelewa nilichosema.

Toa kabati mlangoni. Komeo ling'oe, usilifungue tu, ling'oe. Meza yako iingie jikoni, waya zako zipande juu, ndoana zote ziwe wazi. Nenda ukamlete daktari wa kituo cha afya amsikilize doña Crescencia kifua, umlete mwenyewe, usimpigie simu. Na bakuli la Maricruz, ambalo najua bado liko kwako kwenye sinki, halirudi tupu. Hujui kupika? Nunua mkate mtamu, hakuna atakayekucheka. Au watakucheka, na hapo ujue umeanza kurudi.

Kisha vuka barabara ukabishe hodi kwao. Usiwatolee wasilisho. Usiseme ulikuwa na mkutano, mkutano wameshausikia. Sema, "Nilikuwemo ndani, nilisikia, sikufungua." Halafu nyamaza, kauli hiyo iwachome na wewe ikuchome. Fulgencio anaweza kukuita bwana tena, itikia tu. Maricruz atakuambia asante, haina haja, watajibanza hukohuko. Usibishane naye, na doña Crescencia usimwambie karibu, mtu hakaribishwi chini ya paa aliloshiriki kulijenga. Muulize anataka kitanda kikae upande gani.

Na nenda leo, jua likiwa bado linawaka na hakuna anayekuhitaji. Ukingoja mpaka mvua ianze utaonekana mwokozi, na mama wa watu, na kifua kile, atalazimika kukushukuru. Usimtwike na hilo.