Gesti ya Lodwar

Nekoye binti yangu,

Hapa Bungoma mvua imenyesha, maharagwe yameota. Safari ya kuja kwako Lodwar nimeipanga vizuri: kutoka Kitale nitapanda lori la mahindi, dereva ni wa kanisa letu, hataki nauli. Chakula nitabeba. Shida ni kulala! Shangazi yako anasisitiza ati mama mkwe halali kwa mkwewe, nitafute gesti. Gesti nitailipa na nini, maharagwe?

Mara ya kwanza niliheshimu mila, nikakaa kungoja pesa ya gesti. Mtoto wako akazikwa kabla sijamshika.

Huyu wa pili anazaliwa mwezi ujao. Mwambie mumeo Hillary atafute gesti akalale yeye.

Mama yako aliyekwisha kufunga mzigo,
Nabwile