Nguzo Zetu Zimeondoka na Picha Yangu

Kwa Sharifo, Matisi,
Kitale.
Jumamosi, 22 Agosti 2009

Mpendwa mwanangu Ian,

Pokea salamu za senge yako, dada ya baba yako, na za nyumba yote ya baba yako. Sisi tu wazima. Miguu yangu inavimba jioni kama ulivyoizoea, baba yako bado anakohoa kukipoa, na yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Natumaini wewe pia u mzima huko Uingereza, unakula chakula cha maana, na kifua hakikusumbui. Ile sweta niliyokufumia unaivaa? Ivae, sikuifuma ikae kabatini.

Haya, salamu nimemaliza. Sasa nisikilize, maana nimekasirika, na nimekasirika tangu Julai. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu ningeandika maneno ambayo mtu hamwambii mtoto aliyemlea. Nikangoja hasira ipoe. Imekataa kupoa, kwa hivyo naandika nayo hivyo hivyo.

Unakumbuka Desemba ulipokuja nyumbani na kamera. Nilikuwa jikoni nawasha moto, nimejifunga leso kuukuu, miguu mitupu, majivu mpaka kwenye nyusi. Ukanipa mkononi ile taa ndogo ya sola uliyotuletea, ukasema unataka kunipiga picha. Nikakuambia ngoja nikavae. Kila mtu wa huku anajua kwamba picha hupigwa ukiwa umevaa, na mimi si mtu asiyekuwa na nguo. Nina kitenge changu cha kanisani, nina viatu, nina saa ya mkononi. Wewe ukasema, "Kaa tu hivyo, Senge, hii ni yangu ya kukukumbuka." Nikakaa hivyo, kwa sababu ni wewe uliyesema.

Mwezi wa Mei likafika gazeti la hilo shirika lenu linalopinga makaa ya mawe. Picha yangu ukurasa mzima, na majivu yangu yote. Kama ungemwona baba yako! Hakusoma hata neno moja. Miwani yake imevunjika mguu mmoja tangu Pasaka, lakini hata ingekuwa nzima asingesoma. Aliona uso wa dada yake juu na jina la mwanawe chini, basi. Alilipeleka kanisani likapita benchi kwa benchi, kila mtu akitazama picha tu. Akalipeleka sokoni Naitiri. Aliyekuja kuuliza bei ya mbegu alionyeshwa gazeti kwanza. Mimi nilikuwa naona haya kwa sababu ya ile leso, lakini sitakudanganya, na mimi nilifurahi.

Sasa kuhusu nguzo. Ulipoondoka bado tulikuwa tunaomba stima ya zahanati yetu, kama tulivyoomba tangu ukiwa shule ya msingi. Mwezi wa Machi lori likaja, likashusha nguzo kando ya barabara, kutoka barabara kuu mpaka kwenye lango la zahanati. Watoto walizikalia wakitoka shule. Akina mama walianika nguo juu yake. Nyongesa, mzee wa mtaa, alipita kila asubuhi akizigonga kwa fimbo kusikia kama zimeliwa na mchwa. Tulichongoja ni watu wa kuchimba mashimo na kuvuta nyaya.

Tulipochoka kungoja, kamati ikamtuma baba yako kwa wale wanaoshughulika na nguzo huko Bungoma, akaulize nyaya zinakuja lini. Akavaa koti. Akachukua barua ya kamati. Na kwa kuwa baba yako ni baba yako, akachukua na gazeti.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akicheka, bila kujua anasimulia nini. Alimwonyesha afisa picha yangu. Afisa akasoma yale maandishi ya Kiingereza, akamtazama, akamwuliza, "Mzee, kumbe nyinyi mko na sola? Na huyu mama ni wa hapo kwenu kweli?" Baba yako akasema, "Huyo ni dada yangu kabisa, tumbo moja." Afisa akaomba abaki na gazeti. Baba yako akamwachia, akarudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Akadhani gazeti linabandikwa ukutani.

Julai lori likarudi. Tulidhani limeleta nyaya, wengine wakapiga vigelegele. Vijana wakashuka wakaanza kupakia nguzo. Nyongesa akalala juu ya moja, akasema, "Mimi nitarara hapa hapa, mnipakie pamoja nayo." Mkubwa wao, kijana mpole tu, akamwinua taratibu. Akatuambia, "Sisi tumetumwa, mzee. Ati hapa si ni kwa watu wa sola, bana? Hii inaenda upande wa Moi's Bridge, huko wanaitaka." Wakafunga kamba wakaondoka. Nyasi zilizokuwa chini ya nguzo zimebaki njano, na bado unaona kila moja ilikuwa imelala wapi.

Ndipo nikamwambia mdogo wako Fridah anitafutie nakala nyingine ya gazeti, ile uliyomtumia yeye, anisomee kilichoandikwa chini ya uso wangu. Alisoma kimoyomoyo kwanza. Nikamwambia asome kwa Kiswahili, asinifichie. Akasoma: "Wilkista, mkulima wa Naitiri, hahitaji umeme wa makaa ya mawe. Jua linamtosha."

Ian, nani alikuambia linanitosha?

Uliniuliza lini? Wakati nakuchemshia chai, au wakati nakusindikiza stendi? Ulikaa kwangu siku zote za Krismasi na hatukuongea habari ya stima hata mara moja. Uliongea na baba yako juu ya kandanda. Halafu umeenda huko umenitia maneno mdomoni kwa lugha nisiyoisoma, na maneno yamerudi huku yameniondolea nguzo.

Nikukumbushe Fridah alivyojifungua yule mtoto wa kwanza, kwa sababu wewe uliambiwa tu kwenye simu kwamba amejifungua salama. Ilikuwa alasiri yenye mvua kubwa na kile chumba cha zahanati kina dirisha la kupitisha paka. Kulikuwa giza tititi mchana. Nesi alihitaji kumshona, na koroboi ilikuwa inatoa moshi kuliko mwanga, na mimi ndiye niliyeishika. Mafuta ya moto yalimdondokea mdogo wako pajani, na hakulia kwa sababu alikuwa hana nguvu ya kulia. Vyombo vilichemshwa kwa kuni zilizolowa maji. Damu ilipokataa kukatika ndipo tukamkimbiza hospitali Bungoma kwa pikipiki ya kuazima, matope magotini, na huko ndiko walikomwokoa. Sasa ana mimba tena. Ni ya Novemba. Nilikuwa nimemwambia asiogope, safari hii atakuta taa.

Taa yako ni nzuri, sikatai. Watoto wanasomea, na simu inachaji. Nesi akija kuiazima nitampa. Lakini juma lililopita kulikuwa na mawingu na ikafifia kabla sijamaliza kupika ugali. Hiyo ndiyo uliyompigia mtu picha ukasema inamtosha.

Mambo ya makaa ya mawe uliyoniandikia zamani niliyaelewa, usidhani mimi ni gogo. Ulisema moshi wake unaharibu mvua. Naamini. Mwaka huu mahindi yamekauka yakiwa magotini, hata kule Moi's Bridge ambako mwezi kama huu watu huanza kutafuta magunia. Mabwawa yamepungua na stima ya nchi nzima inakatwa kwa zamu. Lakini hayo makaa aliyachoma nani? Mimi? Tangu nizaliwe sijawasha swichi moja iliyo yangu. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba huko sehemu nzuri ya stima bado inatoka kwenye makaa hayo hayo. Unafulia nayo, unapikia nayo, na hilo gazeti mlilichapa nayo. Wa kuambiwa ajinyime ni senge yako mwenye koroboi?

Na usije ukadhani nimeenda upande wa Zachary, yule karani mstaafu wa pale sokoni. Yeye anasema makaa ya mawe yamepatikana Ukambani, yachimbwe yote yachomwe, wazungu walichoma na wakaendelea. Nikamwuliza moshi utaenda wapi. Akasema huko ni mbali. Mbali na nani? Huko pia kuna watu wenye vifua na watoto wao. Hatukuongea tena siku hiyo, na chai yake sikumaliza.

Nisikilize vizuri basi. Stima yetu ikitoka kwenye upepo, vizuri. Ikitoka kwenye ule mvuke wa ardhini kule Naivasha, vizuri zaidi. Ikitoka kwenye jua, jua tunalo, lakini iwe ya kuendesha friji ya chanjo, iwe ya kuchemsha vyombo, iwe ya taa ambayo haififii nesi akiwa na sindano mkononi. Wewe ulipofikiria jua ulifikiria kitaa cha kushika. Kwa nini hukufikiria paa zima la zahanati? Kama mnapinga makaa, pingeni, nitawaombea. Ila mkikataza moja mlete nyingine inayofanya kazi ile ile, msitupe toi ya mtoto mkatupiga picha tukishukuru.

Hapa Kitale nimekuja kwa Sharifo, rafiki yangu tuliyeuza naye mitumba. Unamkumbuka, ndiye aliyekupa kaimati ukala mpaka ukaumwa. Leo Waislamu wameanza kufunga. Sharifo huuza juisi baridi na barafu jioni watu wakifungua, na stima imekatwa tangu asubuhi kwa ile zamu. Friji yake imekuwa kabati. Alinicheka: "Wewe unalilia nguzo, Wilkista, na mimi niko nayo hapa mlangoni na nakaa giza tu." Nikamwambia anipe hiyo shida yake, mimi niko tayari kuilalamikia kila siku. Giza la zamu linakwisha jioni. La kwetu halina zamu.

Sasa ninachotaka kwako. Usinitumie taa nyingine. Usinitumie pole. Kaa chini uandike barua kwa jina lako na la shirika lenu, uipeleke kwa wale wa Bungoma, useme kwamba maneno yaliyo chini ya picha ni yako na si yangu, na kwamba watu wa Naitiri hawajawahi kukataa stima. Nyongesa na kamati wameandika yao, lakini barua yetu ilijibiwa kwa kuonyeshwa gazeti. Gazeti lako ndilo linaloaminika, basi wewe ndiwe utakayelijibu. Uandike haraka. Novemba haingoji mkutano wenu.

Baba yako nimemwambia maana ya yale maandishi, ingawa Fridah hakutaka. Siku hizi koti lile halivai, na watu wakimwuliza habari zako anasema uko salama, basi. Mwandikie na yeye, lakini barua yake iwe ya peke yake, na iwe na upole. Kosa lake lilikuwa kukuonea fahari.

Kitu cha mwisho kiko ndani ya bahasha hii, uitoe polepole usiikunje. Jana nilivaa kitenge changu, viatu, na saa. Nikaenda studio ya Naim hapa Matisi nipigwe picha. Naim ana pazia zuri lenye maporomoko ya maji, lakini stima haikuwepo, taa zake zimezima, akaniomba tutoke nje. Kwa hivyo jua lako limenisaidia hapo, nalipa shukrani zake. Akaniuliza nitasimama wapi. Nikampeleka mpaka mlangoni kwa Sharifo, nikashika nguzo ya stima. Mkono wangu uko pale, unaona, nimeishika kwa kiganja chote.

Ile ya majivu iondoeni. Wekeni hii, ukurasa mzima kama ile. Na chini yake uandike hivi, usiongeze wala usipunguze: "Huyu ni Wilkista Nasimiyu wa Naitiri. Hatukumwuliza."

Sharifo anakusalimu na anasema kaimati zako zipo. Nyongesa anakusalimu, ingawa kwa shingo upande. Baba yako anakusalimu sana. Fridah anakusalimu pia, na amesema nikuandikie hili: akijifungua mvulana, jina alilotaka kumpa ni lako, lakini kwanza atatazama kama chumba kina taa.

Mungu akukinge na baridi ya huko, akulinde barabarani, akupe kazi yenye heshima na macho ya kuwaona watu wako walivyo.

Ni mimi senge yako, ninayekupenda hata katika hasira hii,

Wilkista